Miche Iliyokosa Lori

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha sabuni, direkteri aliniweka kwa apro, yaani kitengo cha kutafuta vifaa. Nilivaa viatu virefu nikifikiri ni kazi ya biro, ya kukaa ofisini. Kumbe ni kuni! Pipa la kupikia sabuni lilikula miti kutwa nzima, na mwenye kulilisha ni mimi.

Wakati ule tulikuwa na lori letu wenyewe. Lilishuka kutoka Bunyakiri na kuni, na likipanda tena lilibeba miche ya miti kutoka kitalu chetu cha Bagira. Mutunza kitalu, Papa Zihindula, alizaliwa chini ya kilima kile kile cha Bunyakiri tulichokuwa tunakata miti yake.

"Mademoiselle," aliniambia, "lori isipande bila miche. Mama yangu iko analima pale chini. Miti ikiisha, udongo utamufuata mu nyumba."

Vita ikaja, wenye bunduki wakachukua lori. Nikasema basi, kiwanda kimekufa. Wapi! Kuni zilijileta Nyawera, soko la karibu na kiwanda, kwa baiskeli na migongo ya watu. Nikauliza wauzaji zimetoka wapi. "Maman, miye nilinunua mu njia." Na yule wa njiani naye alinunua njiani. Hakuna aliyekata! Miti ilijikata yenyewe, ama?

Nikaenda kwa direkteri nikimlilia lori lingine.

"Ya nini?" akashangaa. "Lori ilikuwa inakula mafuta ya mazutu. Sasa kuni inakuja mpaka ku mulango, na bei ni ndogo."

Nikarudi kwa wauzaji, nikanunua. Alikuwa na haki. Ama hakuwa nayo? Kichwa kilinizunguka, na kinanizunguka hata leo.

Papa Zihindula aliwaomba wauzaji wapande kilimani na miche yake. Wakamucheka: "Muzee, tunapanda na chumvi ya kuuzisha kule, hatupande na majani." Akaendelea kuimwagilia. Mizizi ikapasua mifuko, ikaingia udongo wa Bagira.

"Imechoka kungoja," akasema.

Miaka ikapita, miti ya juu ikaisha, na kilima kiliporomoka kweli. Jirani alimutoa mama ya Papa Zihindula kwa mulango wa nyuma. Shamba na nyumba vikabaki chini ya matope. Akaletwa Bagira kwa mwanawe, pale kitaluni, katikati ya miti mirefu iliyobanana.

Sasa nimestaafu na ninakaa karibu nao. Kila asubuhi bibi yule anafagia majani, na kila asubuhi ananiuliza: "Mwanangu, hii miti ilikuwa ya kwetu. Juu ya nini ilibakia huku, na miye nilikuwa kule?"

Ninachukua fagio la pili.