Siku Wazee Walipokimbia Punguzo la Kodi

Shuleni kwetu, retenue ni adhabu: ukipiga kelele, mwalimu anakubakiza darasani wakati wenzako wanakwenda kula. Mimi naijua retenue vizuri, kwa hiyo nilipoiona kwenye karatasi ya pensheni ya nkambo, baba ya baba yangu, nikamuuliza, «Nkambo, ulipiga kelele kwa kazi?»

«Ni kodi, mupumbafu. Bamekata.»

Mashine za kuyeyusha shaba zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Sisi watu wa Kasai, wenyeji walikuwa wanatuita bilulu, wadudu, na kutuambia turudi kwetu. Nkambo alifika hapa Kolwezi akiwa kijana, kufanya kazi kwenye mashine zile. Huko «kwetu» hana hata kibanda. Pensheni yake ndiyo ingenunua bati za kuezekea. Kwa kuwa tulikuwa tunaondoka, kampuni ilimlipa yote mara moja, na kodi ilipoona lundo lile ikamdhania mkurugenzi. Ikamkata kama mkurugenzi. Mkurugenzi gani anavaa kambambili za rangi mbili?

Tukaenda ofisini kulalamika. Wazee walijaa kwenye msururu, kila mmoja na goti lake la kulilalamikia. Mara karani akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti:

«Bazee bote! Abattement iko huku!»

Msururu mzima ukageuka. Halafu wazee wa Kasai wakakimbia. Jamani, walikimbia! Magoti yalipona palepale. Nkambo nilimkuta nyuma ya kibanda cha muuza mikate, anahema.

«Nkambo, unakimbia nini?»

«Hukusikia? Banataka kutuabattre!»

Kwake abattre ni kile wanachofanyiwa nguruwe kule abatwari, machinjioni. Na kwa siku zile, nani angembishia?

Nilicheka mpaka mama wa mikate akanikaripia. «Unacheka nini, we mutoto? Unamucheka mukubwa wako?»

«Mama, nimesoma tangazo mulangoni: abattement ni kupunguziwa kodi! Mutu akizeeka, kuna sehemu ya pensheni ambayo kodi haigusi.»

Nkambo alinitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi. «Kupunguza kodi ndiyo banaita kuchinja?»

«Kifaransa ni chao, nkambo. Mi sikukitunga.»

Akarudi, lakini alinitanguliza mimi mbele. Wazee wa hapa waliobaki kwenye msururu walikuwa wamekwisha kupita, wanatoka wanatabasamu. Karani akaitazama karatasi ya nkambo.

«Tata, munaondoka?»

«Si ni nyinyi munatufukuza?»

«Mi sifukuze mutu, tata. Mi naandika tu. Abattement ni ya bazee bakaaji. Ule anaondoka si mukaaji.»

«Basi na kodi muirudishe. Kama mi si mukaaji, munanitoza ya nini?»

«Kodi ni ya kazi ulifanyia hapa.»

«Kwa kulipa, mi mutu wa hapa. Kwa kupunguziwa, mi mugeni?»

Karani akakuna sikio. «Ni vile sheria inasema, tata.»

Nikashindwa kunyamaza. «Tata karani, basi mumuite mukaaji mpaka saa sita, halafu mumufukuze saa saba. Train iko mangaribi.»

Nyuma yetu watu walicheka. Karani hakucheka. Akapiga mhuri kwa nguvu, kama anaua mende, akasukuma karatasi nje ya dirisha na kodi ileile, akaita mwingine.

Mambo yenyewe yanakera hivi: ukiyaeleza, yanageuka kichekesho, na kichekesho hakiezeki nyumba. Nilikuwa na maneno mengine ya kumwambia yule karani. Nkambo alinishika mkono akanivuta, tukashika njia ya gare, stesheni ya treni. Alinivuta hivyo mpaka tukaanza kuona reli.

«We mwenye kusoma,» akasema, «nyumba inaweza kuezekwa nusu?»

«Inaweza, nkambo, kama mvua imekubali kunyesha upande mumoja.»

Nilingoja acheke. Akaniuliza kama mvua ya Kasai inatoka upande gani, na mimi sikujua.