Ufunguo wa Stoo na Wauaji wa Jumatano

Nilipomaliza darasa la saba sikupata nafasi ya sekondari, nikaja Nairobi kukaa na mjomba wangu, ambaye alikuwa mpishi Kitisuru. Mwajiri wake alikuwa wakili, mmoja wa Waafrika wa kwanza kununua nyumba upande ule Wazungu walipoanza kuondoka. Tulimwita Bwana, na mkewe tulimwita Mama. Mjomba alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Mimi nilipewa nusu ya kitanda chake.

Asubuhi nilishuka mjini, kwenye karakana moja ya kichochoroni nyuma ya River Road, tulikokuwa tukiandika namba za magari kwa brashi. Niliandika polepole. Fundi wangu alisema nikianza namba ya lori jipya, nitaimaliza likiwa kuukuu. Hakunifukuza, kwa sababu tarakimu zangu zilisimama wima. Kuongea ndiko kulikonishinda zaidi. Mtu akinisalimu, jibu langu lilimkuta ameshafika kwenye kona.

Jumatano jioni Bwana alituruhusu kuingia sebuleni kutazama mchezo wa upelelezi kwenye televisheni. Ilikuwa ile ya zamani isiyo na rangi, yenye miguu minne na kitambaa cha kufuma juu yake. Bwana na Mama walikaa mbele kwenye makochi. Nyuma tulikuwa watatu: mjomba kwenye kigoda kando ya mlango wa jikoni, dereva wa Bwana kwenye kiti cha mbao, na mimi sakafuni na daftari langu. Mchezo ulikuwa wa ng'ambo, kwa Kiingereza. Dereva aliwahi kuwa askari wakati wa mkoloni, kwa hiyo ndiye aliyetufasiria kwa kunong'ona, akiongeza pilipili yake mwenyewe. Mimi niliandika nani amekufa na nani ameua, pamoja na maneno mapya, nikitumaini Kiingereza kitaniingia hivyohivyo.

Jumatano moja aliyeua akawa mpishi. Alimtilia bibi kizee sumu ya panya kwenye supu. Mjomba alipofasiriwa hayo alivua kofia yake nyeupe taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Asubuhi Mama alikuja jikoni.

"Nipe ufunguo wa stoo. Nitakaa nao mimi."

"Kuna kitu kimepotea, Mama?"

"Hakuna. Nitakaa nao tu."

Mjomba alikuwa ameuvaa ufunguo ule shingoni kwa kamba ya kiatu miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo akawa anabisha mlango wa chumba cha kulala akiomba kikombe cha sukari.

"Mpishi bila ufunguo si mpishi," aliniambia. "Ni mtu wa kukoroga. Mwezi ujao nitaambiwa nirudi nyumbani, na wewe utalala huko kwenye namba zako."

Hakulalamika kwa Mama. Alifanya jambo baya zaidi. Kwetu magharibi, mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Basi mjomba akaleta desturi hiyo mezani. Alisimama kati ya Bwana na Mama na kijiko kikubwa, akaonja nyama, akaonja mboga, akaonja maji ya kwenye jagi. Hata chumvi aliionja. Siku moja Bwana alikuwa na wageni wawili, mawakili wenzake. Mjomba alionja kila bakuli, akafumba macho, akangoja kama mtu anayesikiliza tumbo, kisha akasema, "Karibuni." Mgeni mmoja aliweka uma chini, akasema kwamba kwa kweli alikuwa amekula kabla ya kutoka nyumbani.

Dereva ndiye aliyekuwa na maelezo. Tulikuwa tumekaa nje, naye akipiga viatu vyake rangi.

"Mzee, hujaona hii kitu? Mchezo ukikatwa katikati, inakuja nini?"

"Tangazo."

"La nini?"

Mjomba akafikiri. "La jiko la stima."

"Jiko inajiwasha, inajizima, inapika yenyewe. Kwanza wanaonyesha mpishi muuaji, halafu wanaonyesha jiko haitaki mpishi. Hao ni watu wamoja."

"Wenye jiko ndio wenye mchezo?"

"Sasa unaamka. Na kibali cha kuleta hayo majiko kiko kwa mkubwa gani?" Alitazama ua wa michongoma kana kwamba una masikio. "Hapo nanyamaza."

"Wakimaliza wapishi si watakuja kwa madereva?"

"Dereva haiwezekani, mzee. Gari haijiendeshi."

Nilidhani fikira hizo ni za nyuma ya nyumba tu. Lakini jioni moja, nikimsaidia mjomba kupanguza sahani, nilimsikia Bwana akiongea na Mama mezani.

"Angalia vizuri huo mchezo. Kila wiki anayeua ni mtu mwenye nyumba kubwa na gari refu. Huo ni ukomunisti. Kuna mtu pale studioni anayechagua."

"Na ule wa mpishi?" Mama akauliza.

"Ule waliuweka kufunika mambo."

Mjomba alinitazama, sahani mkononi. Usiku uleule akanipa kazi. "Wewe una daftari. Mwandikie Bwana barua, umwonyeshe jinsi wapishi wanavyosingiziwa mle ndani. Akiona hesabu atanirudishia ufunguo. Yeye ni mtu wa mahakama, anapenda ushahidi."

Niliandika barua hiyo siku tisa. Jumatano zilizokuwemo daftarini zilikuwa ishirini, na nilizipitia moja moja. Mpishi alikuwa ameua mara moja tu. Hilo lilinishangaza, kwa kuwa jinsi tulivyokuwa tukiongea ungedhani nchi nzima imelishwa sumu. Matajiri walikuwa watatu. Madaktari walikuwa wawili, na shemeji wa marehemu wanne. Wengine walitapakaa: mke, mchungaji, mwalimu wa piano.

Jioni ya nane nikaona kitu kingine. Kwenye kurasa saba nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe na bila kufikiri, maneno yaleyale: kijana asiyesema sana. Karani asiyesema sana. Mpangaji wa chumba cha nyuma, asiyesema sana. Ningeweza kuwaacha hao saba, lakini bila wao hesabu isingefika ishirini, na Bwana angeuliza wengine wako wapi. Isitoshe, mkono uliozoea namba za magari hauruki tarakimu. Nikawaandika.

Jumatano iliyofuata, kabla mchezo haujaanza, mjomba alisimama mbele ya makochi.

"Bwana, mpwa wangu ana barua ya kusoma. Inahusu ufunguo."

Sikuwa nimewahi kufungua mdomo kwenye chumba kile. Nilisoma nikiitazama karatasi tu. Nilipofika "mpishi, mara moja," mjomba alikohoa kwa heshima. Nilipofika "matajiri, mara tatu," Bwana alisema, "Tatu tu? Soma tena." Nikasoma tena. Ilikuwa tatu. Aliegemea nyuma kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Na hao saba wa mwisho ni nani?" Mama akauliza.

"Ni kijana asiyesema sana, Mama."

"Anafanya nini huyo kijana?"

"Kwa kawaida anakaa chumba cha nyuma. Anatazama watu."

"Anatazama tu?"

"Mara nyingine anaandika."

Bwana alinitazama, Mama akanitazama. Nilisikia kiti cha dereva kikisogea kidogo sakafuni, mbali nami. Hata mjomba, aliyenipa nusu ya kitanda, alinitazama kama anayekadiria ile nusu.

Mama alitoa ufunguo kwenye mkoba wake. "Shika, mpishi. Nilikukosea. Lakini ukitoka, usimwachie huyu."

"Na chai ya leo," Bwana akasema, "aonje yeye."

Nilionja mbele ya wote. Ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi, na machozi yakanitoka, jambo ambalo halikunisaidia. Mjomba aliuvaa ufunguo, akautia ndani ya shati, akaingia jikoni. Tulisikia stoo ikifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena bila sababu. Alirudi kigodani akiwa amevaa kofia yake nyeupe.

Mchezo ukaanza. Dereva alifasiri vizuri siku hiyo, kwa raha, hadi karibu na mwisho, aliponyamaza ghafla. Kwenye kioo polisi walikuwa wamemshika mtu mwenye kofia nyeusi kando ya gari refu.

"Nani huyo?" mjomba akauliza.

"Bado wanaongea."

"Lakini ameshatiwa pingu."

"Ni mambo ya petroli tu, mzee."

Mama aligeuka, akakitazama kiti cha dereva, kisha akamtazama mumewe. Kiingereza changu kilikuwa kimefika mahali pa kulijua neno walilomwita yule mtu: dereva. Nikafungua ukurasa mpya.

"Unaandika nini?" dereva akaninong'oneza.

"Sijamaliza."

Asubuhi ufunguo wa gari haukuwa kwenye msumari wake jikoni. Dereva alinikuta kwenye tangi nikinawa uso. Jana alikuwa amenisogezea kiti mbali. Leo alisimama karibu mpaka viatu vyake vikarowa.

"Kijana, hebu niambie ukweli. Kwenye hilo daftari madereva ni wangapi?"

"Mmoja."

"Tangu mwanzo?"

"Wa jana tu."

"Basi Bwana lazima aandikiwe barua. Aone hesabu."

Nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, kwamba nitaiandika kwa furaha, ila ile ya mjomba ilichukua siku tisa. Papo hapo Bwana akapita akielekea langoni, akiendesha gari mwenyewe. Gia zililia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Dereva alifumba macho, akangoja mlio ule uishie barabarani.

"Anza sasa," akasema.