Noti ya Macho ya Mama

Pa!

Ndiyo sauti yenyewe. Mwezi uliopita, kwenye dirisha la kese, yaani la malipo, la kliniki ya macho hapa Bunia, kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi aliishika noti yangu ya dola mia moja kwa ncha zake mbili, akailegeza, kisha akaivuta ghafla. Pa! Akainyanyua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akaanza kuichunguza pembe kwa pembe. Mimi ni mwanamke mzima, mwalimu, nina watoto wawili na darasa zima wanaoniogopa, lakini nilijikuta nimeshika ukingo wa dirisha. Mama alikuwa amesimama mkono wangu wa kuume, maana siku zote mimi hutembea upande wake wa kushoto. Upande huo haoni kitu. Nawaambia ninyi, kwa sababu hata mume wangu sijawahi kumweleza: upande huo niliuzima mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mama alikuwa akibadilisha pesa kando ya barabara, mtaa wa Lumumba. Tulikuwa tumefika mjini kutoka Djugu tukiwa wawili tu, baba tumemwacha kaburini, na meza ile ndogo ndiyo iliyotulisha. Juu yake faranga zilipangwa mafungu mafungu, zimefungwa kwa mipira, zikinuka samaki wa ziwani, mafuta ya mawese na jasho la wachimba dhahabu. Dola hazikukaa mezani. Dola zilikaa kifuani mwa mama, ndani ya kitambaa, na zilitoka kwa heshima.

"Faranga iko mutoto wa nyumba," alikuwa akinifundisha. "Hata ikipasuka, utaishona, itatembea. Dola ni mugeni. Ukimuumiza kidogo tu, hakuna mutu atamupokea."

Sijui kwenu huko mambo yakoje, lakini kwetu dola yenye mpasuko mdogo kama mbegu ya ufuta ni mgonjwa. Utapata mtu wa kuinunua kwa hasara, baada ya kukusimanga. Ile iliyobandikwa ndiyo maiti kabisa, kwani watu watakuuliza umeitengeneza kiwanda gani. Hilo la kubandika mama hakuwahi kunifundisha. Nadhani hakuona sababu.

Macho yake yalianza kuharibika polepole, kwa adabu, kama mtu anayetaka kuingia bila kubisha. Kwanza alinyoosha mkono akakosa kishikio cha kikombe. Kisha akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, mlango uleule, kila siku, na kuulaumu mlango. Jioni moja alitazama taa ya dukani akaniuliza kwa nini leo imevaa shanga. Nilicheka. Niliona ni maneno mazuri. Giza lilikuwa likiingia kwa pembeni, kama maji yanayopita chini ya mlango, nasi tulikuwa tumekaa katikati ya chumba hatujalowa bado.

Alinunua miwani sokoni, ya kujaribu moja baada ya nyingine kwenye ubao wa mchuuzi mpaka upate inayokuridhisha. Ilimpa uso wa mkaguzi wa shule na haikumpa kitu kingine. Mara mbili pikipiki nusura zimkumbe. Lakini hakumwambia mtu, maana mbadilisha pesa asiyeona huliwa akiwa hai. Mficha maradhi kilio humfichua, hilo alilijua vizuri kuliko mimi, ila alikuwa na mtoto wa kulisha. Kwa hiyo baada ya shule nilikaa kando yake kwenye kopo la rangi, na kila dola iliyokuja aliipitisha kwangu kana kwamba ananichezesha.

"Dorika, angalia ku pembe. Ule muzee wa mu noti anacheka ao ananuna?"

Akinuna, noti ilikuwa ya kweli; akicheka, ya bandia. Nikisema "anacheka," mama alimrudishia mteja noti yake kwa upole. Nilikuwa macho yake, na nilijiona mkubwa kuliko wasichana wote wa mtaa.

Halafu kanisani wakatangaza kwamba daktari wa macho anakuja, atakaa juma moja kwenye kituo cha afya huko Shari. Alikuwa akifika mara mbili kwa mwaka. Ulilipia fishi, ile karatasi ya kuandikishwa, ukalipia kipimo, ukalipia na miwani yenyewe, iliyokatwa kwa macho yako na si ya mtu mwingine. Vyote pamoja vilikuwa vinameza karibu dola mia nzima. Mama alikuwa amekwisha kujinyima kwa miezi mingi, akila sombe, majani ya muhogo, bila samaki na kusema daktari kamkataza samaki, daktari gani sikujua. Vile vijidola vyake vya moja moja na tano tano akavibadilisha kwa noti moja mpya ya mia, iliyonyooka, haijakunjwa hata mara moja. Akaiweka katikati ya magamba mawili ya daftari, juu ya kabati.

"Mule munakaa macho yangu," aliniambia. "Hapana gusa."

Nyote mmekuwa watoto. Mnajua neno hilo linafanya nini.

Ilikuwa mchana, mama yuko mezani kwake barabarani, mimi nimerudi shuleni mapema. Nilipanda kiti, nikayashusha magamba, nikaitoa noti ile. Ilinuka karatasi na kitu kama dawa. Sikutaka kuiba, wala sikutaka kumwonyesha mtu. Nilitaka tu kuwa mbadilisha pesa. Nikakaa kwenye meza yetu ya kulia, nikamkunjia uso mteja ambaye hakuwepo, nikaishika noti kwa ncha mbili, nikavuta. Pa! Ilikuwa sauti tamu sana. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii haikusema pa.

Ulikuwa mpasuko mfupi kuliko punje ya mchele, kwenye pembe ya chini. Nilikaa nikiutazama hadi masikio yakaanza kuvuma. Jikoni kulikuwa na bugali, ugali wetu, wa jana. Nikachukua kidogo, nikausaga kwa mate, nikaupaka pale kwa ncha ya kijiti, nikaubana kwa vidole nikihesabu mpaka mia mbili. Ulipokauka nikafuta kwa kanga, nikautazama kwa mbali, kwa karibu, kwa jicho moja. Msinicheke: nilijisifu. Niliona kazi yangu ni safi, na tena mama haoni.

Hilo la mwisho ndilo nililolitegemea.

Juma la daktari likaja, na meza ikamzuia mama mpaka siku ya mwisho. Asubuhi hiyo alivaa kitenge chake cha kanisani. Akashusha magamba, akaitoa noti, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kama alivyofanya kwa kila dola iliyopita mkononi mwake. Kidole kikafika kwenye pembe ya chini. Kikasimama. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu, na sikuthubutu kuinua kichwa.

"Funga kiatu muzuri," alisema. "Tuende."

Njiani tulipita kwa Papa Musa, mbadilisha pesa mwenzake, aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani kila siku baada ya sala ya alfajiri. Mama aliniambia nibaki ng'ambo ya barabara. Niliona mgongo wake tu, na Papa Musa akiinamia mikono ya mama, kisha akitikisa kichwa na kuweka kiganja kifuani kama mtu anayeomba radhi. Nilifikiri wanazungumzia bei ya dola. Mama aliporudi alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Kituoni watu walikuwa wengi, na uani vijana walikuwa wakipakia masanduku kwenye gari la daktari. Nilihesabu kila sanduku lililoinuliwa. Tulipofika kwenye kese, mtu wa kese akaivuta noti, pa, akaitazama, akaitazama tena.

"Mama, hii noti haipiti."

"Haipiti sababu gani?"

"Balibandika kole hapa." Akaikwaruza ile gundi kwa ukucha. Kipande cheupe kikadondoka mezani, kidogo, kikavu. "Nani alibandika?"

Watu nyuma yetu walisogea kutazama. Nikafungua mdomo. Nawaapia nilikuwa nimeufungua, na neno lilikuwa tayari ulimini. Hapo mkono wa mama ukaniangukia begani, ukalikandamiza kwa nguvu.

"Mi sijue, mutoto wangu," alimwambia mtu wa kese. "Kama mi ningekuwa naona, ningekuya hapa kufanya nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata mtu wa kese alicheka huku akiirudisha noti. Na mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeokoka. Kicheko hicho ndicho ninachokisikia hadi leo ninaposahihisha madaftari peke yangu.

Mama alifungua kifundo cha kitenge, akamwaga faranga za matumizi. Hazikutosha hata kipimo. Akaomba apimwe kwanza, miwani ailipie baadaye: "Dokta anipime tu. Ya luneti nitaleta nyuma." Jibu lilikuwa fishi kwanza, njo sheria, mama, songa kidogo, wengine bapite. Tukasonga. Tulisimama uani mpaka gari likaondoka, na mama akauliza, "Ilisha kwenda?" ingawa lilikuwa limepita mbele yake kabisa.

Daktari alipaswa kurudi baada ya miezi sita. Barabara ikawa mbaya, si kwa mvua, kwa watu, na hakurudi hadi mwaka uliofuata. Katikati hapo mama aliacha meza. Niliporudi shuleni nilimkuta amekaa kwenye kiti kilekile nilichopandia, uso ameuelekeza mlangoni, akitambua hatua zangu kabla sijabisha. Safari hii tulilipa kwa noti ndogo ndogo, nzima zote. Daktari alimpima, akaandika, akasema ni presha ya macho, la kushoto limekwisha, la kulia limebakiwa na njia nyembamba ambayo matone yanaweza kuilinda na miwani kuisaidia.

"Mama, kama mungekuya mwaka ule ulipita, hata lile tungelipata," alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

Mama alijibu, "Mungu anajua." Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Tangu nianze kufanya kazi, kila mwaka nimelipa mimi. Nimekosa nguo, nimekosa mengine mengi, lakini fishi ya mama, kipimo cha mama, miwani ya mama sijakosa. Watu wa kanisa hunisifu, wananiita binti wa mfano. Nami huinamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu.

Basi mwezi uliopita, kijana yule wa shati zuri akiwa bado ameinyanyua noti yangu, mama alinyoosha mkono kwenye dirisha.

"Leta kwanza nishike."

Kijana alisita, kisha akampa, labda kwa heshima ya mvi. Mama alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu. Kikafika kwenye pembe ya chini, kikasimama kidogo, kikaendelea.

"Iko muzuri," alisema. "Hii haina bugali."

Kijana alicheka, akidhani ni maneno ya uzee, akagonga muhuri. Siku ile kituoni hakuna aliyetaja bugali. Mtu wa kese alisema kole. Duniani kote mtu mmoja tu alijua ni bugali, mimi, na sikuwa nimemwambia yeyote kwa miaka yote hii.

Alijua, basi, tangu asubuhi ile ya kiatu. Kidole kile kilikuwa kimekula bugali maisha yake yote, kingeshindwaje kuutambua? Aliipeleka noti kwa Papa Musa aibadilishe, akijaribu kuniokoa na kujiokoa, na aliposhindwa kutuokoa wote wawili akachagua mmoja. Upofu niliokuwa nimejificha nyuma yake, aliutumia yeye kunifunika zaidi, na watu wakamcheka. Nami nikawasaidia kucheka.

"Mama Dorika!" muuguzi aliita kutoka mlangoni, kwa jina langu, kama anavyoitwa siku zote.

Nilimgeukia. "Mama," nilianza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, "ile siku…"

Mkono wake ukanitafuta hewani, ukalipata bega langu, ukalikandamiza kwa nguvu, vilevile. Siku ile nilidhani anajishikiza asianguke.