Bunduki ya Upepo ya Baba

Bunduki ya upepo haina heshima. Ukiwaambia wanaume wa Nzega kwamba baba yako alikuwa na bunduki, wanakugeukia. Ukiongeza kwamba ilikuwa ya upepo, wanacheka na kurudi kwenye mazungumzo yao. Mimi huwa nakasirika. Bunduki ile ilitulindia shamba la mtama pale Puge tangu utoto wangu, na haikuwahi kumtoa mtu hata tone la damu. Unauvunja mtutu mpaka springi ya ndani ijibane, unaweka kirisasi kidogo kama punje, unaurudisha mtutu mahali pake, basi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuamia ndege. Mtama ukianza kushika maziwa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na asiyekuwa macho huvuna mabua. Alfajiri baba alikuwa tayari juu ya dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba, akapiga wale waliotangulia ili wengine waogope. Lakini bunduki haikukaa bure msimu ukiisha. Ilifukuza tumbili kwenye mahindi na kuua panya ghalani. Mwanamke akijifungua jirani, baba aliingia porini akarudi na hua wawili wa supu. Na siku ya sherehe ya mavuno kanisani, watu walipanga foleni kulenga maputo kwa bunduki yake, hata mchungaji, ambaye hakulipata hata moja.

Kisha macho ya baba yakaanza kufifia. Tulimpeleka Kitete, hospitali ya mkoa, wakatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho na tumechelewa, kilichokwisha kuzimika hakiwashiki tena.  Baba alipofika nyumbani akauliza bunduki iko wapi.

Nilidhani mama ataificha. Kumbe kesho yake alimshika mkono akampandisha dunguni, akasimama nyuma yake.

"Kulia kidogo, baba watoto," alimwambia. "Juu. Hapo hapo."

Bunduki ikalia, ndege wakaruka.

"Umempata," mama akasema.

Hakuwa amempata yeyote. Lakini mama alikuwa na mitego yake ya tanzi pembeni mwa shamba, na jioni alimwekea baba ndege mkononi, bado ana joto. Baba alimpapasa polepole, shingo, mabawa, akatabasamu na kumrudisha kwa mama akaangwe. Wakaishi hivyo misimu kadhaa. Mimi nilipokwenda kuwasalimia nikaliona jambo lile, nikamvuta mama jikoni nikamuuliza anamfanyia mzee mchezo gani.

"Nyamaza," alisema. "Una mume wako kule mjini, Kanyenye. Kamtunze wa kwako."

Nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kipaji changu.

Bunduki nayo ikaanza kuharibika kila mara. Ndani yake kuna kipande cha ngozi kinachozuia upepo usivuje, na kile kipande, ambacho zamani kilidumu miaka, sasa kilikuwa hakimalizi msimu. Mimi ndiye niliyeibeba mpaka mjini, nimeizungushia kanga kama mgonjwa, kibali cha baba kiko kwenye pochi, abiria wakiniuliza nimebeba nini, nami nikiwajibu vibaya. Fundi wake alikuwa pale pale Kanyenye, mtengeneza baiskeli, Mzaramo aliyekuja Tabora kijana akaoa na kuzeekea hapo. Alikuwa mtani wetu. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi tuliurithi kwa babu zetu waliokutana njiani wakipeleka mizigo pwani, na yeye hakuniacha nisahau.

"Mpagazi," aliniita nikiwa bado barabarani, "leo umebeba nini? Tua, usije ukavunjika shingo."

Alikata ngozi mpya kwenye kiatu kikuukuu, akaipaka mafuta, akaifunga. Ile iliyochakaa aliiweka kiganjani, akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa. Nilipomuuliza kwa nini zinaisha haraka hivyo alisema tu kwamba mzee anapiga sana siku hizi. Safari mbili tatu alikuja Puge mwenyewe, akashinda na baba dunguni, nasi tukasikia wanatukanana na kucheka.

Baba alifariki mtama ukiwa bado shambani. Aliugua kifua siku chache, akaondoka asubuhi, mama akiwa amemshika miguu. Wanawake wakaangua kilio, mimi wa kwanza. Mama hakulia. Alikaa chini akakunja koti la baba, akalikunjua, akalikunja tena, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi alikuwa anajua?"

"Anajua nini, mama?"

"Kwamba namdanganya. Kama alijua, basi amekufa akidhani nilimfanya mtoto. Mwanaume mzima."

Nikamwambia hapana, alikuwa hajui, alifurahi tu. Akanitazama kama mtu anayetazama muuzaji mwongo. Tangu hapo hakufungua tena kinywa, si kwa maneno wala kwa uji. Shangazi zangu walimshauri alie, wakamwimbia, wakamkumbatia, wapi. Kwetu wanasema asiyemlilia wa kwake huugua. Nikaogopa sana, nawaambia kweli. Baba nilikuwa nimempoteza tayari, na sasa niliona mama naye anamfuata akiwa ameketi mkekani, macho makavu, kwa swali ambalo mtu pekee wa kulijibu alikuwa kwenye jeneza.

Mtani wetu, yule fundi, alifika siku ya maziko. Hakumpa mama shikamoo. Alimwita "mke wangu" mbele ya waombolezaji wote, akaingia ndani bila hodi, akatoka amevaa koti la baba na bunduki begani. Watu wakacheka, maana ndiyo kazi ya watani msibani, kumwigiza marehemu ili waliobaki wapate pumzi. Mimi sikucheka. Makaburini aliposimama ukingoni mwa kaburi akazuia jeneza lisishushwe, nilitaka kumnyang'anya bunduki ile nimpige nayo. Mzee wa kanisa alikohoa. Mtani hakumjali.

"Mpagazi wangu amelala njiani," alisema, "na mzigo kaniachia mimi. Hazikwi mpaka nimeutua."

Akafumba macho. Akauvunja mtutu, akaurudisha, akanyoosha shingo vile vile kama baba, sikio mbele. Hua walikuwa kwenye mti kushoto kwetu. Yeye akalenga kulia, mawinguni, akapiga. Watu wakacheka tena, kisha wakaona mama hacheki wakaacha.

"Mnajua kwa nini ngozi zilikuwa zinaisha?" aliuliza, na sasa hakuwa anaigiza. "Bunduki ya upepo ikipigwa tupu, hujiumiza yenyewe ndani. Huyu mzee alikuwa haweki risasi. Nikamuuliza, we Mnyamwezi, unapiga nini? Akaniambia: mtani, macho yangu yamezimika, nisije nikampiga mtoto wa mtu. Nikamwambia, lakini mkeo anasema unapata. Akacheka. Akasema: ndege anayenipa hana tundu, ana alama ya tanzi shingoni. Vidole vyangu havijapofuka."

Mtani akamgeukia mama.

"Nikamuuliza, sasa mbona humwambii? Akasema: nikimwambia ataacha. Mimi asubuhi naamka kwa ajili ya neno lile moja. Akisema umempata, najua amesimama nyuma yangu, na shamba lipo, nami nipo. Usimwambie nikiwa hai." Mtani akajifuta uso kwa mkono wa koti la baba. "Sasa umekufa, mpagazi. Mzigo wako huu hapa."

Akauvunja mtutu tena. Akalenga juu, kulia, mahali pasipo na kitu, akapiga, kisha akasubiri ameinamisha kichwa kama baba alivyokuwa akisubiri.

Nikasikia mkeka waliomkalisha mama ukichakacha. Mama alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka nyuma ya lile koti, akaweka mkono begani.

"Umempata, baba watoto," alisema, na ndipo akalia.