Hema la Mlango Mmoja

Zzzziiip. Hivyo ndivyo asubuhi zilivyoanza kule kambini Serengeti, kabla hata ndege hawajaamua nani aanze kuimba. Zipu ya hema inapandishwa kutoka chini, inakwama kidogo pale kwenye kona, inavutwa tena. Kinatoka kichwa cha mtoto, nywele zimesimama. Anafuata mama yake. Mwisho anatoka baba mtu, anatambaa kwa magoti kama aliyedondosha sindano, na wote wanamcheka.

Mimi nimesimama pembeni na ndoo ya maji ya moto ya kunawa, nacheka nao kimoyomoyo.

Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka na kutandika vitanda katika mahema makubwa ya kambi. Lakini chini ya migunga palikuwa na uwanja wa wageni wanaokuja na mahema yao wenyewe, familia nzima na sufuria zao, na hao ndio niliopenda kuwapelekea maji. Wengine walilala juu ya gari. Hema linakunjuliwa kwenye paa, linawekewa ngazi. Nilipomsimulia mama kwenye simu alisema, "Kulala juu ni mambo ya kuku." Nami nilikubaliana naye. Niliyoyapenda ni yale ya chini, yaliyokaa ardhini, familia imejazana humo kama viazi kwenye kiroba.

Baada ya kazi nilirudi chumbani kwetu, chumba cha wafanyakazi wa kike. Nasema kwetu, lakini tulikuwa wawili na mwenzangu alishaolewa akaondoka. Kilibaki kitanda chake na godoro limekunjwa, limefungwa kamba. Kuna siku nililisalimia lile godoro. Nikaliambia habari za kazi, kwamba leo mgeni mmoja kaogopa kenge akapanda mezani. Godoro halikucheka.

Kwetu hasa ni Tarime, kijiji kisicho mbali na Genkuru. Mama yupo pale na mahindi yake na ng'ombe. Baba anashinda Sirari, anapakia na kupakua mizigo ya malori, na mara nyingi anavuka mpaka kulala kwa ndugu zake Isebania, upande wa Kenya. Kaka yuko Nyakunguru na mkewe na mtoto wao, anachimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Mara ya mwisho tulipokuwa sote uani ni siku tulipomzika bibi. Kabla ya hapo ni tulipomzika babu mdogo. Nikawaza nikiwa nakamua mashuka: hivi sisi tunakutanishwa na maiti tu? Hapo ndipo lile wazo liliponiingia. Nilitaka mara moja, hata usiku mmoja, familia yangu ilale mahali pamoja bila mtu kufa. Walale Serengeti, waamke na ile zipu, na baba yangu naye atoke kwa magoti tumcheke.

Nikaanza kujifunza mahema, na jalala la kambi ndilo lililonifundisha. Wageni wengine hema likiwashinda wanaliacha. Nililigeuza kila lililotupwa nikaangalia limekufa kwa ugonjwa gani. Moja fito zake zilikuwa nyembamba, upepo wa mchana ulizivunja kama muwa. Jingine sakafu yake ilikuwa laini kama mfuko wa sukari, miiba ya mgunga ikaitoboa yote. Jingine mshono ulikuwa wa uzi mmoja, mvua ikapita hapo hapo. Kulikuwa na moja lililochanika vibaya lakini zipu yake ilikuwa nene, nzima kabisa. Niliikata nikaiweka kwenye sanduku langu. Sikujua ya nini. Mimi ni mtu wa kuokota.

Mvua zilipokaribia kambi ikafungwa kwa msimu, tukapewa likizo. Nikapitia Sirari kabla ya kwenda nyumbani. Kuna mfanyabiashara anauza mahema na vyandarua upande wetu wa mpaka, ila Kiswahili chake ni cha upande wa pili.

"Karibu, madam. Uko na watu wangapi?"

"Wakubwa watano na mtoto."

"Basi chukua hii. Hii hata ndovu akiilalia inaamka."

Nikaikunjua sakafu nikaipiga kwa kucha. "Hii ni ya kukaushia dagaa, kaka. Niletee nyingine."

Akacheka, akaleta jingine, na jingine. Niliyatandaza mpaka nikaziba njia ya waenda kwa miguu. Nilivuta mishono kwa vidole gumba viwili. Nilifungua na kufunga zipu nikisikiliza. Mwisho akaleta moja la kijani, zito, fito za chuma, sakafu kama turubai la lori. Na ile sakafu haikuishia chini, ilipanda ukutani kidogo kama beseni, maji ya nje yasiingie. Nikamwomba jagi la maji.

"Unataka kunywa?"

Nikamimina juu ya mshono. Watu wakasimama kutazama. Maji yakajikusanya yakawa shanga, yakateremka, chini pakavu.

"Ai!" akasema mfanyabiashara. "Wewe ni wa kununua ama wa kukagua? Unaolewa lini mimi nimwonee huruma huyo mzee?"

Mbele ya hema kulikuwa na kijisehemu kimejitokeza kama kibaraza, kina paa lake na pazia la zipu. Nikauliza ni cha nini.

"Hapo ni pa viatu," akasema.

Nikalipa, nikalifunga kwenye bodaboda, nikaenda nyumbani nikiimba.

Niliwapigia simu wote waje Jumapili, sikusema kwa nini. Kaka alifika asubuhi na mkewe na mtoto anayetambaa. Baba alifika kwa kuchelewa, na mkate wa Isebania mkononi. Mimi nilishalisimamisha hema uani, katikati ya nyumba ya mama na mahali anapofunga ng'ombe. Lilikuwa zuri. Nilipiga vigingi nikakaza kamba mpaka kitambaa kikalia kama ngoma.

Kabla hata sijafungua mdomo kueleza, tukasikia kilio njiani. Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa anakuja amejifunga khanga kiunoni, mzigo wa kuni kichwani, machozi tayari.

"Nani ametutoka? Jamani, nani?"

Mama akashika kichwa. Ndipo nikaelewa. Kwetu turubai likisimama uani bila harusi kutangazwa, watu hawaulizi, wanaleta kuni.

"Shikamoo mama," nikasema. "Hakuna aliyekufa. Ni hema."

"Marahaba. Hema la nini?"

"La kulala."

Akatazama nyumba ya mama yenye bati, akatazama hema, akanitazama mimi. "Mna nyumba, mnalala kwenye nguo?" Akatua kuni, akajifuta macho, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Kuni hakuondoka nazo. Alisema kuni za msiba hazirudi nyumbani, zipikiwe tu chai.

Basi tukacheka wote, nami nikaona ndio wakati. Nikawaeleza safari. Kwamba kambi ikifunguliwa nitawaombea nafasi kwenye ule uwanja wa migunga, waje wote, tulale humu.

"Mimi nimelala porini na ng'ombe ujana wangu wote," baba akasema. "Fisi nawajua kwa sauti. Leo nivae viatu nisafiri kwenda kulala porini tena?"

"Tata," nikamwambia baba, "safari hii hakuna ng'ombe wa kulinda. Unalala tu."

"Sasa kama hakuna ng'ombe nalinda nini?"

"Utatulinda sisi," kaka akasema, akalipiga hema kofi. "Kitu imara hiki, mdogo wangu. Kingekuwa kule shimoni ningelala humu mwaka mzima."

"Ingieni basi muone ndani," nikasema. Nikafungua zipu. Zzzziiip.

Hakuna aliyesogea.

Wifi yangu alishusha macho akavuta khanga mpaka usoni. Baba akageuka kutazama ng'ombe. Kaka akajikuna shingo. Mtoto peke yake ndiye aliyeingia, akitambaa, akazunguka ndani akipiga sakafu kwa viganja, akatuchungulia sote akitabasamu, hana habari.

Mama akanivuta pembeni, akasema taratibu kama anayemfunga mtoto kidonda.

"Mwanangu, umenunua nyumba ya chumba kimoja."

"Ni kubwa mama. Inaenea."

"Sijasema ndogo. Kaka yako ametahiriwa, ana mke. Tangu lini mwanamume akalala anapolala mama yake? Na mkewe atapitaje mlango anaopita baba mkwe wake? Baba yako hajawahi kuvuka kizingiti cha kaka yako, hata siku ya mtoto kuzaliwa alisimama nje. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nayajua yote hayo tangu mtoto, kaka alipotoka jandoni na kuhamia kibanda chake nami nikalia kwa sababu hakuna tena wa kunisimulia hadithi gizani. Lakini kule kambini nilitazama zile familia zikitoka kwenye mlango mmoja mpaka nikadhani kila familia hutoka hivyo. Nilikagua fito, nikakagua sakafu, nikakagua mshono na zipu. Milango sikuihesabu.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Tulikunywa chai iliyopikwa kwa kuni za msiba, baba na kaka upande wao, mama na wifi jikoni. Mimi nilikuwa naenda huku na huku na birika. Alasiri kaka akaondoka na watu wake, akanigonga kichwani kama zamani, "Usijali mdogo wangu, zawadi ni zawadi." Baba akapata lifti ya Sirari. Kabla ya kuondoka alilizunguka hema, akajaribu kamba moja moja, akakaza moja iliyolegea.

Uani nikabaki mimi na hema. Nilikaa ndani yake nimefunga mlango. Lilikuwa na hewa ya kijani. Nilisikia mama anawaita ng'ombe, sauti ikaja kama iko mbali sana, kama ninapigiwa simu. Nikawaza, hili nalo limekuwa kama kile chumba cha kambini, tena kubwa zaidi.

Nikatoka nikamfuata mama zizini.

"Mama, kama lingekuwa na milango miwili?"

Hakugeuka. Alikuwa anafunga kamba ya ndama. "Na katikati pana ukuta?"

"Pana ukuta."

"Ukuta usioonyesha?"

"Nitaweka turubai."

Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena vizuri. "Milango isitazamane," akasema. "Mmoja mbele, mmoja nyuma. Hizo zingekuwa nyumba mbili. Nyumba mbili zinaweza kukaa jirani." Halafu akaenda na ndoo yake ya maziwa.

Nilichukua siku kadhaa kwa kazi hiyo. Kukata hema zuri kwa wembe ni kazi ngumu kuliko kulishona. Nilishika wembe nikauweka chini, nikaushika tena. Nilipolipasua mgongoni nilifumba jicho moja. Ile zipu niliyoiokota jalalani nikaishona pale kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, mara mbili, halafu nikausugua mshono wote kwa mshumaa ili maji yasipite. Nikamimina jagi. Upande mmoja maji yaliteleza vizuri, upande mmoja ukavuja. Nikafumua, nikarudia. Katikati nikashona ukuta wa turubai kutoka juu mpaka chini. Vidole vyangu vilikuwa na matundu kama ile sakafu ya jalalani.

Jirani alipita akauliza kama bado hatujazika.

Siku nilipomaliza nilimwita mama. Aliingia mlango wa mbele akatoka. Akazunguka, akaingia wa nyuma akatoka. Aligusa ukuta.

"Mbele mimi na baba yako," akasema. "Nyuma kaka yako na watu wake." Akanitazama. "Na wewe?"

Upande wa baba siwezi kulala, mimi ni mtu mzima. Upande wa kaka na mkewe ndio kabisa. Nilikuwa nimepima kila mtu na kumpa mahali, mpaka yule mtoto.

"Utaona," mama akasema kwa upole, akanigusa bega, akaenda shamba.

Baba sijamwambia bado kuhusu mlango wa nyuma. Kaka nilimtumia picha, akajibu kwa kuniuliza mbu wakoje huko. Labda watakuja. Labda hema litabaki kwenye sanduku langu kule kambini, nami nitalionyesha lile godoro.

Mama alipopotelea kwenye mahindi nilikwenda mbele ya hema, pale kwenye kibaraza. Nikavua ndala nikaziweka nje, kwenye majani. Nikatandika khanga, nikalala chali pale pa viatu kujipima. Kichwa kiligusa upande mmoja. Nikakunja magoti kidogo, miguu ikaenea.

Nikanyoosha mkono nikaivuta zipu ya kibaraza polepole mpaka chini.