Vifundo Visivyo na Maziwa

Mukandekezi wa Kibingo hajui kukaa bure. Ukimkuta ameketi, basi anachambua maharage, au enzi zile anatikisa kibuyu cha maziwa apate siagi. Ni mjane, mkulima wa migomba, na kwa miaka mingi alikuwa na ng'ombe mmoja wa pembe ndefu aliyemwita Gaju. Wazazi wake walitoka Rwanda, na kwao mtu akikutakia heri hukutakia ng'ombe. Mgeni akifika kwake haulizwi kama ana kiu. Alikuwa akishtukia tu kikombe cha maziwa mkononi, na ole wake aseme ameshiba.

Sasa mwanamke wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyepewa mjukuu asiyeweza maziwa.

Mjukuu anaitwa Uwamahoro, msichana wa miaka sita, mtoto pekee aliyeachwa na Adelard, mwana wa Mukandekezi aliyefariki kwa ajali ya pikipiki. Mama yake, Evaresta, ni Mhaya wa Muleba, mtumishi wa serikali huko Kayanga. Madaktari walimwambia kwamba mtoto akila ngano tumbo linamvuruga siku nzima, na akigusa maziwa uso unavimba na pumzi zinambana. Mukandekezi alipoelezwa, habari ya ngano haikumkosesha usingizi. Ngano ni mambo ya dukani. Lakini maziwa? Alikwenda nyuma ya nyumba akalia, akijiuliza atampenda mtoto huyu kwa kitu gani.

Likizo ya kwanza Uwamahoro aliletwa akiwa na pakiti ya vitafunio vya chumvi, vikavu, vimesokotwa mithili ya kamba iliyopigwa fundo, visivyo na ngano wala maziwa. Evaresta alikuwa ameviagiza mbali, tena kwa shida. Mtoto aliviita vifundo, akavitafuna kimoja kimoja kwa meno ya mbele. Pakiti ilipokwisha alilia mpaka akapitiwa na usingizi. Bibi akaokota chenga mkekani, akazionja, akasema moyoni kwamba hii ni chumvi na ukavu tu, yeye atashindwaje?

Akashindwa. Unga wa muhogo hauna mvuto wa ngano. Ukiuviringisha unakatika, ukiufunga fundo unapasuka. Waliofaidi ni mbuzi. Jirani yake Nyiransabimana alikuja kuchungulia, akamwuliza tangu lini ameacha jembe akawa msusi. Mukandekezi akakanda donge jingine. Alijaribu tena na tena, hadi akapata njia: sehemu ya unga aliisonga kwanza motoni kama ugali laini, akaiponda pamoja na ndizi sukari zilizoiva sana, ndipo akaukandia unga mkavu. Hapo kamba ikatii. Alivianika kidogo, akavikaanga kwa mafuta ya alizeti aliyoachiwa na Evaresta, akanyunyiza chumvi. Vilikuwa vitamu, nakuapia. Vinalia mdomoni kwanza, halafu ndizi inakuja nyuma taratibu.

Uwamahoro alikula akaomba vingine. Evaresta alipokuja kumchukua alionja kimoja, akaketi kizingitini, machozi yakamlengalenga.

"Mama, nimehangaika kote," alisema. "Kumbe vilikuwa kwako. Kila likizo nitakuletea mtoto."

Neno hilo Mukandekezi alilibeba shambani, kanisani na sokoni Nkwenda. Nani hakuambiwa? Mtoto wa Adelard atakuwa anakuja kila likizo!

Likizo iliyofuata alijiandaa kama anayepokea bibi harusi. Mafuta ya alizeti yalikuwepo, sikatai. Lakini mafuta ya dukani ni ya kila mtu, na damu yako huilishi kitu cha kila mtu. Aliteremsha chungu cha samli, ile aliyoihifadhi kwa siku kubwa, yenye harufu inayoita majirani. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuita samli maziwa. Maziwa ni meupe, yanakaa kikombeni, yananywewa. Samli ni mafuta. Basi akajipaka samli viganjani, akasokota vifundo, akavikaanga kwa samli hiyohiyo, navyo havikupasuka hata kimoja.

Evaresta alikuwa bado uani, hajamaliza hata kuwasalimia majirani, mtoto, kifundo bado mkononi, alipoanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Kisha pumzi zikaanza kupiga mluzi. Ikaitwa pikipiki, mama akapanda na mtoto kifuani, wakakimbilia kituo cha afya. Mukandekezi aliwafuata kwa miguu, peku, na vumbi la pikipiki lilipotua yeye alikuwa bado anakimbia.

Alikuta mtoto amechomwa sindano, yu hai, amelala, macho yamezibwa na uvimbe. Evaresta alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, nilikuambia maziwa."

"Sikumpa maziwa, mwanangu. Nilimpa samli."

Evaresta hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu! Alimweleza kwa upole kwamba samli inatoka kwenye maziwa, kama mtu anavyomweleza mtoto mdogo, na upole ule ndio uliomkata Mukandekezi maini. Mtoto alipopata nafuu waliondoka moja kwa moja kwenda Kayanga.

Mukandekezi alifanya nini? Alimfungua Gaju akampeleka mwenyewe kwa Nyiransabimana, bure, akarudi na kamba tupu. Vibuyu alivichoma. Masufuria aliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka yakabadilika rangi. Watu wakasema bibi kapata wazimu. Kisha akampigia Evaresta kumwambia kwamba nyumbani kwake hakuna tena maziwa, hata harufu yake. Evaresta alimwamkia vizuri, akaulizia maharage, akasema, "Tutaona, Mama." Hiyo tutaona kila mtu anaijua.

Akaanza kutuma vifundo, vya alizeti tupu, ndani ya kopo, kwa dereva anayetoka Nkwenda kwenda Kayanga. Kopo lilirudi limeoshwa, likingʼaa. Kila liliporudi, Mukandekezi alilikumbatia. Mtoto anakula! Akasokota vingine.

Juzi simu ikaita. Alikuwa Uwamahoro, amechukua simu ya mama yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mama yangu." Bibi akaketi chini palepale. Akauliza kama vifundo anaviona vitamu.

"Dada Renatha anayetupikia anasema vitamu sana. Anavila yeye. Mama anasema mimi nisubiri nikue." Mtoto akashusha sauti. "Bibi, vina ladha gani? Nimesahau."

Mukandekezi akamweleza. Vinalia mdomoni kwanza, alisema, halafu ndizi inakuja nyuma taratibu. Huko upande wa pili ikasikika sauti ya mtu mzima, na simu ikakatika.

Alilia bila kujificha, kilio cha msiba, mpaka Nyiransabimana akasikia. Jirani huyo, kwa kuwa hakujua la kusema, alifanya kile ambacho Mukandekezi mwenyewe amewafanyia watu maisha yake yote. Alikuja na kikombe cha maziwa ya Gaju, bado ya moto.

Mukandekezi aliinuka akamzuia mlangoni.

"Usiingie nacho," alisema. "Mtoto anaweza kuja."

Nyiransabimana akayanywea uani, amesimama. Ndani, Mukandekezi alikuwa ameshaanza kuponda ndizi.