Mazoezi ya Badali Kisiwani Kudha

Niliondoka Mombasa kwenda Kudha, kisiwa cha Wabajuni upande wa Somalia, kwa sababu mamangu mkubwa, Bi Zeituni, alikuwa amewashinda wagonjwa wote wa saratani kwa kutembea. Ndivyo ilivyosema kompyuta ya ofisini kwetu. Mimi ni mkalimani wa mradi wa utafiti, na daktari wetu mkuu alipoona mchoro wa hatua zake umepanda kuwapita wengine wote, aliniita akanionyesha kwa furaha kana kwamba ametembea yeye.

"Rukia, huyu ni wa kwenu. Nenda kaangalie anafanya nini, nadhani ni hewa ya visiwani."

Nilifurahi, lakini sikutulia. Bi Zeituni alikatwa ziwa lenye uvimbe Mombasa, akapewa awamu ya kwanza ya dawa, akarudi kisiwani kupumzika. Awamu ya pili ilikuwa inamngoja, ila alishaambiwa wazi kwamba akija mnyonge hapewi, kwa kuwa mwili hautahimili. Ndiyo maana alivishwa bangili ya mpira inayohesabu hatua na kuzituma ofisini, ajizoeze kutembea apate nguvu. Ajabu ni kwamba kila nilipompigia simu binti yake, Mwanaamina, jibu lilikuwa moja: "Mama hajambo, amelala."

Nairobi, uwanja wa ndege, nilipekuliwa begi, viatu na hata mtandio. Nikakumbuka kipande cha uvimbe wa Bi Zeituni ambacho idara yetu ya vinasaba ilikipeleka Ulaya kuchunguzwa. Kilivuka mipaka yote ndani ya sanduku la barafu na hakuna aliyekiuliza viza. Binamu zangu wako kambi ya wakimbizi tangu vita vilipotutoa visiwani, bado wanaambiwa wangoje. Katika ukoo wetu, wa kwanza kupokewa Ulaya kwa heshima ni uvimbe.

Kismayu, adhuhuri, nilipanda bajaji kwenda bandarini. Dereva alijifunza Kiswahili kambini Kenya, na aliposikia naenda kwa mgonjwa wa saratani alipunguza sauti, maana ugonjwa huo hautajwi ovyo.

"Walaal, dada yangu, mwambie asisimame, alale tu," aliniusia. "Shangazi yangu alisimama, akafa."

Nikamweleza kwamba watafiti wanasema mgonjwa akitembea kidogo kidogo uchovu humpungua na dawa huzistahimili vizuri zaidi. Alinisikiliza kwa adabu hadi tulipofika.

"Basi mwambie asisimame sana," akasema.

Kesho yake asubuhi, kisiwani Fuma, boti yetu ya injini ilisimama kushusha unga na mafuta. Ufukweni mafundi walikuwa wakiunda mashua, na kati yao nikamwona Shee, mwana mkubwa wa Bi Zeituni, anaizunguka ile mashua mbio mbio wala hana chombo cha kazi mkononi. Kwenye kifundo cha mkono amevaa bangili ya mradi.

"Shee, hii si ya mama?"

"Ni yake. Leo zamu yangu."

Alinieleza bila wasiwasi wowote. Mchu, ndivyo Wabajuni tunavyomwita mtu, akiugua hasumbuliwi, kazi zake hufanywa na wanawe. Huchotewa maji, hufuliwa nguo, na kama hakuwahi kuhiji, mwingine humhijia kwa badali. Kutembea kuna nini hata kukose badali? Basi watoto walikaa wakagawana zamu. Shee huivaa akiwa Fuma kazini, shemeji yake huivaa akienda kuvua, na siku za harusi huvaa Mwanaamina, kwa kuwa anacheza sana. Nikaelewa vile vilele vya mchoro ambavyo daktari alidhani vimeletwa na hewa ya visiwani.

"Hatudanganyi," Shee akasema. "Nikienda kwa haja zangu mimi huivua. Hatua za mama ni za mama."

"Na mwenyewe anajua?"

"Tumemwambia imepelekwa kuchajiwa."

Kudha, alasiri, nilimkuta Bi Zeituni kitandani, amezungukwa na majirani waliokuja kumjulia hali. Nyumba ya mgonjwa ina macho mengi. Akionekana kashika ndoo, aibu ni ya mabinti. Nilipoubusu mkono wake nikaona umebaki mifupa. Kwenda chooni alishikwa na watu wawili, akarudi anahema. Niliogopa sana. Kwa hali ile dawa asingepewa, na bila dawa nilijua tunakoelekea.

Majirani walipoondoka nikamwambia yote. Mwanaamina akaanza kulia.

"Mama, chumekuonea huruma."

Bi Zeituni hakumtazama. Aliniuliza mimi, "Badali hufanyiwa mchu gani?"

"Maiti," nikasema. "Na mgonjwa asiyetarajiwa kupona."

"Basi mimi mmeniweka wapi?"

Akateremsha miguu. Mwanaamina alipotaka kumshika, Bi Zeituni akamsukuma mkono. Akaenda mpaka mlangoni, akashika mwimo, akarudi akakaa na jasho linamtoka. Bangili ilipoletwa na boti kutoka Fuma aliivaa mwenyewe. Baada ya siku kadhaa akafika uani, kisha kisimani. Majirani wakasema mabinti wamemtupa mama yao, na Mwanaamina akayameza maneno hayo.

Niliomba ruhusa nikae zaidi, na siku moja simu ikaja kutoka Mombasa. Daktari alikuwa na majonzi. Mchoro wa Bi Zeituni umeporomoka, ripoti imeshaandikwa kwamba hali yake imezorota, na huenda awamu ya pili isiwezekane. Nikamweleza habari za zamu. Akasema huenda mchoro umeporomoka kwa sababu ya vinasaba vya watu wa visiwani.

Tulirudi Mombasa pamoja. Njiani nilikuwa najiambia kwamba huruma ya wanawe na furaha ya ofisi yetu zilikaribia kumuua bila mtu yeyote kumtakia mabaya, na hilo sitalisahau nikiona tena mchoro unaopanda.

Kliniki walikuwa wametuandalia kiti cha magurudumu mlangoni. Bi Zeituni alikitazama, akaweka mkoba wake juu yake, akakisukuma polepole ukumbi mzima, akipumzika hapa na pale, hadi kwa daktari.

Daktari akatazama mkoba, akaniuliza mgonjwa yuko wapi.

"Ndiye mimi," akasema Bi Zeituni, bado anahema. "Nimekuja mwenyewe. Nipe dawa."